Nafasi ya Mwisho Kwenye Tangazo

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi Mchikichini, kwenye meza ya dada yangu ya viatu vya mtumba, nikiwa na shahada ya baiolojia na sina pa kuipeleka. Dada hakunisimanga. Alinipa brashi, sabuni na ndoo, akanionyesha viatu vilivyotoka kwenye belo asubuhi ile, akasema kusubiri kazi si lazima mtu asubiri amekaa.

Basi nikawa nasugua viatu huku nasoma matangazo ya ajira kwenye simu. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kufundisha chuo kikuu. Kwetu Kariakoo, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mama aliingia akiwa bibi harusi katoka Lindi, hakuna aliyewahi kusoma mpaka huko. Baba, Mungu amrehemu, alibeba mizigo sokoni. Mama ni mpishi wa shughuli. Pakiwa na harusi au msiba kuanzia Gerezani mpaka Ilala, yeye na wenzake huitwa na masufuria yao makubwa. Sasa mimi mwaka wangu wa kwanza chuoni nilimwona mhadhiri mmoja akichora chembe hai ubaoni kwa chaki, anaongea na sisi huku mkono unachora wenyewe, na ukumbi mzima ukanyamaza kama msikiti. Nilitoka pale najua ninataka kuwa nani.

Matangazo ya vyuo yana lugha yake. Juu kabisa huwekwa wanataaluma: Profesa, Profesa Mshiriki, Mhadhiri Mwandamizi, Mhadhiri, Mhadhiri Msaidizi, na mwisho Mkufunzi Msaidizi, ambayo ndiyo ngazi ya mtu wa shahada moja kama mimi. Nilivisoma vyeo hivyo taratibu, kama mtu aliyesimama chini ya ghorofa refu anainua macho dirisha kwa dirisha. Chini yake hufuata waendeshaji: madereva, wapishi, watunza kumbukumbu, walinzi, mafundi. Huko chini sikuwa nafika. Nikishaona ngazi yangu haipo, au ipo ila wanataka alama za juu kuliko zangu, nafunga simu nachukua kiatu kingine.

Siku moja niliitwa kwenye usaili wa Mkufunzi Msaidizi katika chuo kimoja. Dada alinichagulia viatu vyeusi vya ngozi kutoka mezani, akavipaka dawa mwenyewe mpaka vikang'aa. Nilipofika nilidhani nimekosea mlango. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, na nje chini ya maturubai walikuwa wamejaa wengine, wote wamenyoosha mashati, wote wamebeba bahasha za vyeti. Kijana aliyekaa jirani yangu alikuwa ametoka Songea kwa basi, amenawia uso stendi. Mbele yetu kulikuwa na mama mjamzito anasoma madondoo yake midomo inacheza. Sijawahi kuona watu waliosoma wengi namna ile wamekusanyika mahali pamoja, na hofu niliyokuja nayo ya kukosa kazi iliniondoka kidogo, ikaja nyingine kubwa zaidi ambayo haikuwa mbaya. Nilifikiri juu ya mama zao wote waliowapikia uji, na walimu wao wote, na taa zote walizosomea. Msimamizi alipotuambia tuanze, karatasi ziligeuzwa kwa pamoja zikatoa sauti kama kundi la njiwa limeruka.

Sikuitwa tena. Sidhani kama yule wa Songea aliitwa.

Nilirudi kwenye ndoo. Ikapita masika, likapita jua kali la mwisho wa mwaka. Nikaomba kwingine, na kwingine, mpaka yule bwana wa steshenari mtaa wa pili akiniona nakuja anawasha mashine ya kopi bila kuniuliza. Ndipo likaja tangazo la chuo kikuu kimoja cha afya hapa hapa mjini. Nililifungua, nikatazama juu, sikuona changu, nikampa dada simu nikaenda kumpimisha mteja kiatu. Niliporudi dada alikuwa bado anasoma. Yeye aliishia kidato cha nne, lakini akianza kusoma kitu, hata kiwe gazeti la kufungia maandazi, hakiachi mpaka chini.

Aliniuliza kama nimesoma huku mwisho. Nikamwambia huko si kwa wanataaluma.

"Sijakuuliza ni kwa nani," alisema. "Nimekuuliza umesoma?"

Nafasi ya mwisho kabisa kwenye tangazo, chini ya fundi bomba, ilikuwa ya msaidizi wa maabara, Idara ya Anatomia. Walitaka mtu mwenye stashahada au shahada ya baiolojia. Anatomia nilijua ni nini kwenye vitabu, ni elimu ya maumbile ya mwili. Sikufikiri mbele ya hapo. Niliomba kwa sababu dada alikuwa amesimama juu yangu.

Usaili wa kwanza ulikuwa wa maswali mezani, ukapita vizuri. Tuliobaki tukaambiwa turudi wiki inayofuata kumwona mkuu wa idara. Tulikuwa wachache, na nilitembea kwa miguu kutoka Kariakoo, nikakata viwanja vya Mnazi Mmoja, nikaingia Upanga kwenye miti na maghorofa ya zamani, huku najisomea moyoni majina ya mifupa.

Mkuu wa idara alikuwa profesa mwanamke, mtu mzima, Mhindi wa hapa hapa Upanga, mfupi, nywele nyeupe amezifunga nyuma, koti jeupe juu ya sari. Tulimwamkia shikamoo akaitikia marahaba, halafu akatuambia waziwazi kwamba hakutuita kutuuliza maswali. Alituita tuone chumba tutakachofanyia kazi, kwa sababu wako waliowahi kuajiriwa kabla ya kukiona wakaacha siku ya kwanza, na yeye hawalaumu. Anayetaka kutoka atoke wakati wowote, haandikwi popote.

Tukavaa makoti tukaingia. Kilichonipokea kwanza ni baridi, halafu harufu ya dawa ya kuhifadhia, kali, inachoma macho. Chumba kilikuwa kikubwa na kisafi, madirisha juu, mwanga mweupe. Meza za chuma zilipangwa safu, na juu ya kila meza palikuwa na mtu amefunikwa shuka.

Nasema mtu kwa sababu ndivyo profesa alivyosema. Alituambia hawa ni watu. Wengine walifariki na hakuna ndugu aliyejitokeza, na taratibu zote za sheria zikafuatwa. Wachache waliagiza wenyewe wakiwa hai kwamba miili yao ifundishie. Majina yao hatuyajui humu ndani, alisema, lakini walikuwa nayo. Mwombaji mmoja, kijana mrefu aliyekuwa akitutania sana nje, alitoka taratibu akakaa kwenye ngazi. Baadaye nilimkuta pale, akanishika mkono akasema kwake haiwezekani, akaenda zake.

Profesa alikunja shuka ya meza ya karibu, akafunua mkono mmoja tu, kuanzia kiwiko mpaka vidole. Upande wa ndani wa mkono ulikuwa umefunguliwa na wanafunzi waliopita, ngozi imewekwa kando kwa adabu, na ndani mlikuwa na kano, nyeupe, zimelala sambamba kama nyuzi za mkeka. Kiganja kilikuwa kigumu chenye sugu. Alikuwa mtu wa kazi, jembe au mkokoteni, sijui. Profesa akashika kano moja kwa kidole na gumba, akaivuta kidogo.

Kidole cha shahada kikajikunja.

Akavuta nyingine, kikajikunja cha kati. Alikuwa anatutazama nyuso zetu. Mimi nilisahau kwamba nimekuja kutafuta kazi. Nilisahau baridi. Nilikuwa nimesoma habari za kano hizi, nilizichora kwenye mitihani nikapewa alama, lakini sikuwa nimejua. Niliutazama mkono wangu mwenyewe ulioshika ukingo wa meza, nikaona kwamba muda wote nilipokuwa nasugua viatu, nafunga kamba, nahesabu chenji, ndani yangu nyuzi hizi zilikuwa zinavutwa na kuachiwa, na mimi nilikuwa sina habari. Machozi yalinitoka. Nilisingizia dawa.

Kazi walinipa.

Dada alifurahi, akanunua soda. Kwa mama ilikuwa vingine. Nilimkuta uani anamenya vitunguu swaumu vya shughuli ya kesho yake. Nikamwambia nimepata kazi chuo kikuu, akasema alhamdulillahi, akaniuliza nitafundisha nini. Ikabidi nimweleze. Kisu kilisimama. Mama ameosha maiti na kupikia misiba maisha yake yote. Kwetu maiti hailali bila kuzikwa ikiwezekana, inaoshwa, inasaliwa, inarudishwa ardhini, watu wanakaa matanga. Nikajitahidi kumweleza habari ya madaktari, kwamba bila haya hawawezi kujua pa kukata na pa kuacha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikukatazi, baba," alisema. "Mtu mzima hakatazwi riziki yake. Ila niambie, hao watu nani aliwalilia?"

Hakuuliza tena, na kwa muda mrefu hatukuizungumzia kazi yangu nyumbani. Nikirudi jioni nilikuta ndoo ya maji uani, na ndimu imekatwa nusu, ya kutolea harufu mikononi. Majirani walipomuuliza kijana wake yuko wapi siku hizi, alijibu yuko chuo, akageuza maneno.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuandaa. Asubuhi kabla ya wanafunzi nawasha taa, nafungua feni za kutoa hewa, nalowesha shuka kwa dawa ili miili isikauke, napanga vyombo. Sikuwa na jinsi ya kuingia kimya. Wale kwenye meza karibu wote walikuwa wakubwa kwangu, na mimi nimelelewa Kariakoo, mtoto akipita mbele ya wazee bila kuamkia anarudishwa. Kwa hiyo nilikuwa nikifungua mlango nasema shikamooni. Mwanzoni nilisema kwa woga. Baadaye nilisema kwa sababu ndiyo adabu. Kulikuwa na kipindi kifupi baada ya salamu ile, mahali ambapo kwa kawaida marahaba ingekaa, na kipindi kile nilikisubiri kipite kila siku kabla sijagusa kitu.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliingia kwa mara ya kwanza wakiwa wameshikana makoti. Walikuwa vijana kutoka kila pembe ya nchi, waliofaulu sana huko kwao, na siku ile wote walikuwa watoto. Binti mmoja alishindwa kukituliza kisu kidogo cha kupasulia. Profesa hakumwambia ajikaze. Alimwambia aweke kisu chini, aweke kiganja chake juu ya bega la yule mama aliyelala pale, akae hivyo mpaka atakapozoea. Binti akaweka. Alisimama hivyo karibu kipindi kizima, wenzake wanafanya kazi kumzunguka. Mwisho wa mwaka ndiye aliyekuwa na mikono mitulivu kuliko wote.

Nikaona mengi ambayo mpaka leo sijui niyaweke wapi. Niliona moyo, nikashangaa udogo wake, unaenea kwenye ngumi. Niliona mishipa ya damu ya ubongo imejipinda na kujiunga chini kama mto na matawi yake ukitazamwa kutoka kwenye ndege. Niliona jinsi mapafu ya mtu wa mjini yalivyo na madoa meusi ya moshi wetu, yaani Bongo yenyewe imejiandika ndani ya kifua. Niliona kovu la uzazi wa upasuaji, mshono mzuri ulionyooka, nikajua kuna mtu mahali fulani, mkubwa sasa, aliyetoka pale. Kila mwili ulikuwa na njia yake. Mshipa ambao kitabu kinasema upite kushoto, kwa huyu umepita kulia, na akaishi nao mpaka uzee bila kujua. Profesa, baada ya miaka yote ile, akiona kitu kama hicho alikuwa anaita watu wote waje, na sauti yake inashuka badala ya kupanda.

Jioni moja mama alikuwa peke yake uani, anakuna nazi. Nilishanawa, nikakaa kwenye kigoda kingine. Akaniuliza bila kuniangalia huko kuna nini hasa. Sikutaka kumweleza mambo ya kumtisha, kwa hiyo nilimwomba anipe mkono. Akaufuta kwenye kanga akanipa. Nikamwambia afungue na kufunga vidole polepole, nikamwonyesha pale ndani ya kifundo, chini ya ngozi, nyuzi zinavyopanda na kushuka. Nikamweleza kila uzi unakokwenda, huu wa kidole hiki, huu wa kile, na kwamba nyama inayouvuta iko huku juu karibu na kiwiko, mbali na kidole chenyewe. Akaendelea kufungua na kufunga. Mkono ule umekoroga pilau ya nusu ya Kariakoo. Aliutazama kama ameletewa na mtu mwingine.

"Kumbe nilikuwa navyo hivi vyote," alisema.

Kisha akarudi kukuna nazi, taratibu zaidi kuliko mwanzo, macho yako kifundoni.

Kabla ya mwaka wa masomo kuisha idara ilitangaza nafasi ya Mkufunzi Msaidizi, ile ngazi niliyoitaka. Niliomba. Nilifanya usaili mbele ya watu niliowaandalia chumba kila siku, na nilijibu vizuri, lakini alikuwepo binti mmoja kutoka Mbeya aliyejibu vizuri kuliko mimi. Akachukuliwa yeye. Siku ya kwanza alipofundisha nilisimama nyuma nikamsikiliza, na nikakubali. Profesa aliniambia nafasi itakuja nyingine, niongeze masomo. Ndicho ninachofanya sasa, jioni baada ya kazi. Asubuhi bado ni msaidizi wa maabara.

Halafu ikaja siku ya mazishi. Wanafunzi wakimaliza somo, mabaki ya kila mtu hukusanywa na kuwekwa kwenye jeneza lake, na chuo huwazika. Nilimwambia mama tu kama habari, kwamba Ijumaa ile tunawazika watu wetu, nitachelewa kurudi. Aliuliza saa ngapi. Aliuliza watakaa watu wangapi. Nikamwambia hakutakuwa na kukaa, kuna sala fupi, halafu gari linaenda makaburini.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tumepanga majeneza kwenye uwanja mdogo wa chuo, sheikh amefika, mchungaji amefika, wanafunzi wamesimama na makoti yao, hawajui mikono waiweke wapi. Ndipo bajaji zikaanza kuingia getini. Mama akashuka, na wenzake wote wa upishi nyuma yake, wa Lindi, wa Mtwara, Waislamu na Wakristo, wamejifunga kanga na kujitanda, na mikeka, na masufuria. Mlinzi alikuja kuniuliza hawa ni nani. Nikamwambia ni wafiwa.

Walitandika mikeka pembeni chini ya ukuta, wakakaa. Sheikh akaomba dua, mchungaji akaomba, maana hatukujua nani alikuwa wa dini gani. Majeneza yalipoanza kuinuliwa, mama alilia. Hakulia kwa kujilazimisha. Alilia kama anavyolia kwenye msiba wa jirani, sauti ndefu, na wenzake wakampokea. Sauti ile ilipanda kwenye kuta za maabara mpaka madirisha ya juu, watu wakatoka maofisini. Wanafunzi waliosimama wima asubuhi nzima waliinama mmoja mmoja. Yule binti wa kiganja begani alikwenda akakaa mkekani, akalazwa kichwa kwenye paja la mwanamke asiyemjua.

Wanawake wa Kiislamu kwetu hawaendi makaburini, kwa hiyo walibaki, na wenzao Wakristo wakabaki nao, wakawasha moto wa kupikia. Profesa naye alibaki. Alisimama kidogo, kisha akavua viatu akakaa kwenye mkeka karibu na mama. Nilikuwa nasaidia kufunga mlango wa gari nikawasikia. Mama alimuuliza kwao wanazikaje. Profesa akamwambia kwao mwili unachomwa, majivu yanapelekwa majini, haubaki kitu, na labda ndiyo maana amekaa na hawa maisha yake yote na bado anashangaa kwamba wao walibaki.

"Basi na wewe umefiwa leo," mama alimwambia. "Pole sana, mwenzangu."

Nadhani katika miaka yote ya kazi ile hakuna aliyewahi kumpa profesa pole. Aliinamisha kichwa, na mama akamshika mkono, akaushika hivyo hivyo bila kuuachia.

Tuliporudi kutoka makaburini, viatu vyetu vimejaa udongo, harufu ya wali wa nazi na maharage ilikuwa imetangulia getini. Mama alitupanga mstari tunawe mikono, walimu, madereva, wanafunzi, mlinzi, bila kujali cheo, akatuambia tukae chini tule.